250 ni ahadi: jibu kwa anayetaka kuchangia seva ya barua pepe

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mtayarishaji wa programu, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikisimamia Postfix na Dovecot kazini. Sasa natamani kuchangia programu huria za seva ya barua pepe, au niandike seva yangu mwenyewe kwa lugha ya Rust, maana hizi zilizopo ni za C na zimezeeka. Mwenzangu ananicheka. Anasema kazi hiyo ilimalizika miaka ya 90 na hakuna tena cha kuboresha. Ni kweli? Na kama si kweli, nianzie wapi?

JIBU: Salama kabisa, ndugu yangu. Mwenzako namwelewa, lakini amekosea. Ukitazama tarehe tu, hoja yake ina uzito: SMTP ya Jon Postel, itifaki ya kutumiana barua pepe, ilichapishwa Agosti 1982, Philip Hazel alianza kuandika Exim kule Cambridge mwaka 1995, Postfix ya Wietse Venema ikatoka mwishoni mwa 1998, na Dovecot ya Timo Sirainen ikafuata mwaka 2002. Hata hivyo, Desemba 2023 watafiti walionyesha kwamba Postfix, Exim na Sendmail, zote tatu, zilikuwa zinaweza kudanganywa kuhusu barua inaishia wapi. Si fumbo la usimbaji fiche, si hesabu ngumu. Barua inaishia wapi, basi. Na itifaki yenyewe ilikuwa imeshapita miaka 40.

Nikuonyeshe kosa hilo kwa karibu, kwa sababu ukilielewa utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya kazi unayoitamani.

Mteja, yaani programu inayotuma, akishasema DATA (amri ya kuanza kutuma barua) na seva ikajibu 354 ("endelea"), kinachofuata ni mistari ya barua yenyewe. Kila mstari hufungwa kwa herufi mbili zisizoonekana, CR na LF. Barua huisha pale unapokuja mstari wenye nukta peke yake:

<CR><LF>.<CR><LF>

Ikiwa ndani ya barua kuna mstari unaoanza kwa nukta, anayetuma huongeza nukta nyingine mbele yake, na anayepokea huiondoa. Hadi hapo hakuna utata. Utata uliletwa na ukarimu. Programu nyingi za Unix hufunga mstari kwa LF tu, na seva za kupokea, ili zisimsumbue mtu, zikazoea kuipokea LF iliyo peke yake kana kwamba ni CR na LF. Basi mshambuliaji anaandika ndani ya barua yake hivi:

Nakutakia siku njema<LF>.<CR><LF>
MAIL FROM:<mkurugenzi@example.com><CR><LF>
RCPT TO:<mhasibu@example.net><CR><LF>
DATA<CR><LF>

Kisha anaituma kupitia seva ya mtoa huduma. Seva hiyo inaona LF, nukta, CR, LF. Kwake huo si mwisho rasmi, kwa hiyo inaupitisha kama maandishi ya kawaida. Seva ya upande wa pili, ile karimu, inaona nukta peke yake kwenye mstari na kusema: barua imeisha. Yaliyobaki inayasoma kama amri mpya. Imeingia barua moja, zimetoka mbili, na ya pili ina jina la mtumaji alilojichagulia mshambuliaji. Tena imetoka kwenye anwani ya IP ya mtoa huduma halali, hivyo kama kikoa cha huyo "mkurugenzi" kinahudumiwa na mtoa huduma huyohuyo, ukaguzi wa SPF, unaotazama kama IP hiyo imeruhusiwa na kikoa cha mtumaji, unaipitisha bila neno.

Hakuna seva iliyoanguka hapo. Hakuna kumbukumbu iliyovurugwa. Kila upande ulifanya sawasawa na ulivyoandikwa ufanye. Kosa limekaa katikati, kwenye pengo kati ya wasomaji wawili wa baiti zilezile. Kwa hiyo Rust isingekuokoa.

Sasa tazama jinsi Postfix ilivyoziba, maana ufundi uko huko kuliko kwenye kugundua. Njia ya mkato ilikuwa kukataa kila LF iliyo peke yake. Lakini kuna printa, mashine za kuskani na skripti za miaka mingi zinazotuma LF tupu kila siku, na wenye nazo hawajui hata kwamba zinazungumza SMTP. Ukizikatia ghafla, msimamizi wa seva atakuzima wewe na kiraka chako. Kwa hiyo kikaja kipangilio kiitwacho smtpd_forbid_bare_newline, chenye chaguo la normalize: mwisho wa barua lazima uwe zile baiti tano kamili, lakini mstari wa kawaida uliofungwa kwa LF tupu unaendelea kupokelewa na kunyooshwa. Kando yake kuna orodha ya wateja wanaosamehewa, ambayo kwa chaguo-msingi ni mitandao ya ndani. Katika toleo la 3.9 la mwaka 2024, normalize ndiyo iliyowekwa kuwa chaguo-msingi. Msimbo wenyewe si mwingi. Kilichochukua akili ni kuamua nani aumie na nani asiumie.

Baada ya hapo tuje kwenye jambo ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote. Ukiniuliza seva ya barua pepe ni nini, nitakujibu kwamba ni programu inayotoa ahadi. Ahadi yenyewe ni nambari 250 inayojibiwa baada ya ile nukta ya mwisho. RFC 5321, waraka rasmi unaoeleza SMTP, inasema wazi: seva ikishajibu 250, dhamana ya barua imehamia kwake, ama iifikishe, ama itoe taarifa ya kushindwa. Haina ruhusa ya kuipoteza kwa sababu hafifu, na kompyuta kuanguka dakika chache baadaye kumetajwa humo kuwa sababu hafifu.

Nilijifunza hili kwa aibu. Zamani niliandika kipokezi kidogo cha barua kwa ajili ya mradi wangu. Kilikuwa na kasi ya kupendeza: kilipokea barua, kikaiandika kwenye faili la foleni, kikajibu 250, kikaenda kwa inayofuata. Siku moja umeme ukakatika. Mashine ilipowaka, foleni ilikuwa na majina ya mafaili kama kawaida, ila nilipoorodhesha ukubwa wake nikakuta safu nzima ya sifuri. Barua zile zilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji), zikisubiri kuandikwa diskini. Watumaji walikuwa wameshafuta nakala zao, maana niliwaambia 250. Kilichobaki ni logi yangu, mstari baada ya mstari, ikithibitisha nilivyoahidi.

Utaratibu sahihi haufichiki: andika faili, liitie fsync (amri ya kuilazimisha kerneli iandike diskini), lipe jina lake la mwisho kwa rename, iitie fsync na saraka yenyewe, halafu ndipo ujibu 250. Hatua ya saraka ndiyo wengi huisahau. Faili linaweza kuwa salama diskini huku jina lake likiwa limepotea. Ukisoma msimbo wa Postfix utakuta kitu cha kufurahisha: faili la foleni linapoanza kuandikwa halina ile biti ya ruhusa ya kutekelezwa, na likishakamilika linapewa. Hakuna anayelitekeleza kama programu. Biti hiyo ni alama tu ya kumwambia msimamizi wa foleni "hili limekamilika, lichukue". Faili lililokatikia njiani halina alama, kwa hiyo haliguswi. qmail, seva ya Daniel J. Bernstein, ililikabili tatizo la aina hiyohiyo kwenye masanduku ya watumiaji kwa njia nyingine, yaani Maildir: barua huandikwa kwanza kwenye saraka ya tmp, na huingia new ikiwa nzima tu. Hakuna kufuli, hakuna faili moja kubwa la kugombewa.

Upande wa pili wa ahadi hiyo ni barua kufika mara mbili. Seva imepokea nukta, imehifadhi barua, inajibu 250, na hapohapo muunganisho unakatika. Mtumaji hajasikia jibu, hivyo atarudia. Tatizo hili liliandikiwa RFC yake, nambari 1047, mwaka 1988, na halina tiba kamili, linapunguzwa tu. Ndiyo maana mteja anatakiwa asubiri hadi dakika 10 baada ya nukta ya mwisho kabla ya kukata tamaa, na ndiyo maana mimi hukereka nikiona kichujio cha barua taka kimechomekwa hapo katikati na kinachukua dakika tatu kufikiri. Ukilazimika kuchagua kati ya barua kufika mara mbili na barua kutofika, chagua mara mbili, usijiulize.

Hapa niseme neno kuhusu kasi, kwa sababu karibu kila mchangiaji mpya anaanza nayo. Mtu analeta kiraka kinachoharakisha uchanganuzi wa vichwa vya barua kwa asilimia kadhaa, kisha anashangaa kwamba hakuna aliyeshangilia. Seva ya barua pepe hutumia muda wake mwingi ikisubiri: inasubiri diski ikubali fsync, inasubiri DNS, inasubiri seva ya mbali iliyochoka. Na mtu akikuonyesha idadi ya barua kwa sekunde, muulize kwanza kama fsync ilikuwa imewashwa. Ile yangu ya sifuri ingeshinda shindano lolote.

Sasa Rust. Sikukatazi, na sisemi C haina lawama. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya Qualys walitangaza kasoro 21 ndani ya Exim, na nyingi zilikuwa za kumbukumbu: kuandika nje ya mipaka, kutumia kipande kilichokwisha kuachiwa. Lugha kama Rust huzuia sehemu kubwa ya hizo. Kisa cha qmail kinauma zaidi. Mwaka 2005 mtafiti aliripoti kwamba namba kamili zinaweza kufurika ndani yake kwenye mashine za biti 64. Mwandishi akajibu kwamba hakuna anayeipa qmail-smtpd gigabaiti za kumbukumbu, hivyo si tatizo. Mwaka 2020 Qualys wakaonyesha kwamba sehemu nyingine ya qmail, ile ya kufikisha barua kwenye sanduku, haikuwa na kikomo hicho kwenye usakinishaji wa kawaida, na wakaivunja. Miaka 15 usalama wake uliegemea sharti ambalo halikuandikwa ndani ya msimbo.

Lakini linganisha na OpenSMTPD, Januari 2020. Fanksheni ya kukagua anwani ilikuwa na sharti dogo: ikiwa sehemu ya kikoa ni tupu, jaza kikoa cha mashine hii na urudishe "sawa". Kwa bahati mbaya ilirudisha "sawa" hata pale sehemu ya kabla ya alama ya @ ilipokuwa na herufi zilizokatazwa. Anwani hiyo baadaye ikapelekwa kwenye sheli, programu inayotekeleza amri, kwa mamlaka ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Mtu aliweza kuweka amri ndani ya MAIL FROM na ikatekelezwa. Iandike kwa Rust, iandike kwa lugha yoyote uipendayo, kosa litabaki palepale. Kinga yake ni ya ujenzi: anwani isipitie sheli kabisa, na mchakato unaozungumza na mtandao usiwe na mamlaka. Postfix na qmail ziligawanywa vipande vidogo visivyoaminiana kwa sababu hiyo, baada ya watu kuiona Sendmail ya zama zile, programu moja kubwa yenye mamlaka yote, ikipitiwa na mnyoo wa Morris Novemba 1988 kupitia amri ya DEBUG iliyoachwa wazi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukitaka Rust, nenda ukachangie Stalwart. Ukipendelea Go, ipo chasquid. JavaScript, ipo Haraka. Kuanza upya ukiwa peke yako utaandika mazungumzo ya SMTP wikiendi moja na utafurahi sana. Baada ya hapo yatakuja yale ambayo hakuna aliyekuambia. Taarifa ya kushindwa lazima itumwe kwa mtumaji mtupu, MAIL FROM:<>, na taarifa hiyo nayo ikishindwa isizae taarifa nyingine, la sivyo seva mbili zitaandikiana usiku kucha. Barua inayozunguka lazima ikamatwe kwa kuhesabu vichwa vya Received. Mpokeaji mmoja kati ya hamsini akikataliwa, mmoja huyo tu ndiye atolewe taarifa. Kikoa kisicho na rekodi ya MX (ile ya DNS inayotaja seva yake ya barua) kinaweza bado kupokea barua. Orodha ni ndefu, na Exim na Postfix wameshailipia.

Foleni ni eneo jingine lenye kazi ya kweli. Postfix huweka kikomo cha barua 20,000 kwenye foleni hai. Fikiria kikoa kimoja kikubwa kinaanza kujibu taratibu, sekunde 30 kwa kila jibu. Barua zake zinajazana kwenye foleni hai, na barua ya mtu mwingine, ambayo ingefika ndani ya sekunde moja, inakosa nafasi. Ukipunguza miunganisho kwa kikoa hicho, unalinda wengine lakini unamchelewesha yeye. Ukiongeza, anakuona msumbufu na kukufungia. Kubuni kipangaji kinachogawa haki hapo kunahitaji mtu aliyekaa na logi halisi, na wewe miaka yako mitatu inakupa faida kuliko mtu aliyesoma vitabu tu.

Usimbaji fiche wa njiani nao una mapengo. Mwaka 2011 Venema mwenyewe aligundua kosa la STARTTLS, amri ya kuugeuza muunganisho wa wazi kuwa wa siri (TLS), lililoikumba Postfix na seva nyingine kadhaa: mshambuliaji aliye njiani anachomeka amri nyuma ya neno STARTTLS, ndani ya pakiti ileile, seva inaiweka kwenye bafa, na baada ya TLS kuanza inaitekeleza kana kwamba ilikuja kwa siri. Tiba ni kumwaga bafa kabla ya kuanza TLS. Miaka 10 baadaye watafiti wakapima programu nyingi za barua na kukuta kasoro zaidi ya 40 zinazohusu STARTTLS, na kosa lilelile la bafa likiwa miongoni mwake. Ukiingia kwenye mradi wowote mchanga, hilo liwe jaribio lako la kwanza. Halafu kuna majina yenye herufi zisizo za Kilatini kwenye anwani, yaliyoruhusiwa tangu RFC 6531 ya mwaka 2012, ambayo bado programu nyingi huyapokea kwa shingo upande. JMAP ya mwaka 2019, itifaki ya programu za watumiaji kusoma barua zao, nayo inahitaji mikono.

Usidharau logi. Ujumbe unaosema "muunganisho umeshindwa" bila kusema na nani, kwenye hatua gani, baada ya sekunde ngapi, umewapotezea wasimamizi masaa mengi kuliko kasoro nyingi za usalama. Ila uwe mwangalifu, maana maneno ya logi yana watu wanaoyategemea. Kuna skripti kila mahali zinazoyasoma, na ukibadilisha neno moja utazivunja bila kujua. Postfix 3.6 ilipobadilisha baadhi ya maneno kwenye logi, ilitoa na kipangilio cha kurudisha ya zamani. Huo ndio ustaarabu unaotarajiwa.

Namna ya kuingia: usianze na kiraka, anza na kasoro unayoweza kuizalisha upya. Msimamizi wa mradi akipokea mazungumzo ya SMTP ya mistari kumi yanayoonyesha tatizo kila mara yanapoendeshwa, atakujibu. Akipokea mistari elfu mbili ya "maboresho" kutoka kwa mtu asiyemjua, ataiweka kando, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Kiraka kiwe na jambo moja. Kiwe na jaribio linaloshindwa kabla yake na kufaulu baada yake. Usinyooshe nafasi na mabano ya mafaili mengine njiani, hata yakikukera.

Vifaa unavyo tayari. Msimbo wa Postfix huja na smtp-source ya kumwaga barua na smtp-sink ya kuzipokea bila kuzihifadhi. swaks inakuwezesha kuendesha mazungumzo hatua kwa hatua kwa mkono. Kwa baiti kama zile za LF na CR, andika skripti yako ya soketi, kwa sababu vifaa vya kistaarabu vitakurekebishia kosa ulilokusudia kulifanya.

Wiki ya kwanza ningeanza hivi. Simamisha seva unayoitaka ndani ya mashine pepe. Imwagie barua, kila moja na nambari yake, na upande wa mtumaji uandike nambari za zile tu zilizojibiwa 250. Katikati ya mwago, ua mashine pepe nzima kwa kill -9 kutoka nje. Usiue mchakato wa seva peke yake, kwa sababu kerneli itabaki hai na itaandika diskini kila kilichosalia, utadhani uko salama. Iwashe tena, iache imalize foleni, kisha linganisha orodha mbili. Nambari iliyo kwa mtumaji na haipo kwa mpokeaji ni barua iliyopotea baada ya kuahidiwa. Rudia mara hamsini, kwa mfumo wa mafaili zaidi ya mmoja. Ikikosekana hata moja, hifadhi diski ile kama ilivyo, usiiguse, na uwaandikie wenye mradi.